Bwana shamba na uvimbe wa Mama

Jumanne, Rwamishenye.

Eti daktari anababaisha! Anayesema hivyo ni kaka yangu Projestus, bwana shamba wa Kimwani, anayewafokea wakulima kila msimu: mgomba ukinyauka, kagueni na ile inayouzunguka.

Leo daktari alitueleza kwamba uvimbe wa titi la Mama umeshatolewa, sasa watapima protini kwenye nyama iliyouzunguka. Zipo zinazolegeza nyuzi za nyama hiyo, zikaifungulia saratani njia ya kusambaa.

Bwana shamba akanuna. "Uvimbe si umetoka? Nyama isiyo na kitu inapimwa ya nini?"

Mama akamtazama. "Mwanangu, kumbe mnyauko unaujua kwenye migomba ya watu tu?"

Nilimcheka hadi nyumbani. Kisha nikaoga, mkono ukapita juu ya kile kijivimbe kwenye titi langu, nikavaa haraka. Hata Mama sijamwambia.