Safu ya Nne, Baada ya Bomba la Maji

Shangazi Rukia,

Ukurasa wako wa mtandaoni haujafungwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Umehama tu. Sasa uko kwangu, mimi Zaituni wa jikoni, niliyekuwa nikikuambia kwamba kompyuta na mimi hatuivi.

Wiki chache baada ya kukuzika, chuo kilituandikia barua ya adabu sana kuhusu "marehemu". Ilinichukua muda kukubali kuwa marehemu ni wewe. Walisema kurasa za wafanyakazi waliofariki hufungwa mwisho wa mwezi, familia ihifadhi inachotaka. Nikatoka kantini na aproni yangu hadi kitengo cha kompyuta, nimejiandaa kugombana. Mama mmoja pale akanisikiliza mpaka nikaishiwa na maneno, kisha akanieleza taratibu kuwa kila mfanyakazi wa chuo ana nafasi yake ya ukurasa, hata wa jikoni. Miaka yote ninayowagawia watu viazi pale! Wewe ulishaniambia, lakini nilidhani mambo hayo ni ya nyinyi wa maabara, wenye makoti meupe.

Sasa nikuambie nililolificha ukiwa hai. Nilikuwa naionea haya kazi yako ile. Jumapili wenzetu wanakwenda mtaa wa Balsall Heath kula, shangazi yangu anakwenda makaburini na kamera. Nilipoulizwa ulipo nilisema uko dukani. Kumbe wewe ulikuwa unapiga picha makaburi ya watu wetu waliozikwa huku ughaibuni, Waislamu kwa Wakristo, Mkongo, Mganda, Mhindi wa Kisumu, na kuziweka kwenye ukurasa wako, ili jamaa zao walionyimwa viza au wasio na nauli wapate pa kutazama. Chini ya kila picha jina, njia ya kufika, na sentensi mbili tatu za mtu mwenyewe alivyokuwa, ulizozitafuta kwa waliomjua. Na yule mzee aliyekukemea kwamba mwanamke hazunguki makaburini, ulimkabidhi kamera ukamwambia, "Basi nenda wewe, Baba, mimi nitakusubiri hapa getini." Sijawahi kuona mtu akikumbuka ghafla namna ile kuwa ana safari.

Nakumbuka ulivyonikalisha kwenye meza yako ya jikoni, kwako Acocks Green, ukanionyesha. Kioo cha kompyuta kimegawanyika sehemu mbili: kushoto faili zilizo nyumbani, kulia zilizo chuoni. Unavuta kutoka huku kwenda kule. Mimi nilitaka kuvuta zote kwa mpigo nikaangalie chai, nawe ukanishika mkono. "Zaituni, usini-rush. Pakua kwanza cha chuoni, ndiyo upakie." Kwa sababu watu wanaona cha chuoni, ulisema, na cha nyumbani huenda kimepitwa. Halafu kila ukimaliza kupakia ulikuwa unazima intaneti ya nyumba, unafungua ukurasa kwa bando la simu yako kuukuu, unangoja picha zitokee moja moja kama anavyongoja mtu wa mbali. Ikichelewa unaipunguza ukubwa na kuipakia tena, isije ikamlia mtu bando. Mimi nilikuwa napiga miayo. Mungu anisamehe.

Maana nilifanya nini? Nilichukua kila kilichokuwa kwenye kompyuta yako ya nyumbani, nikakivuta kwenda kwenye nafasi yangu. Picha zikatokea, nikajiona fundi. Sikupakua chochote kutoka kule kwako, kwa nini nipakue na vyote ninavyo? Nikawatumia jamaa wote walio kwenye simu yako anwani mpya kwa WhatsApp, na siku kumi kabla ya mwisho wa mwezi nikawaandikia chuo kwa kiburi kabisa: mnaweza kuufunga ule wa zamani. Wakaufunga, wakafuta kila kitu.

Ijumaa iliyofuata akanipigia Bi Mwanaisha wa Tanga. Sikuwa namjua. Sauti yake ni ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua. Akasema, "Mwanangu, huku kwenye ukurasa mpya Idi wangu simwoni. Mmempeleka wapi?"

Shangazi, nilitazama, kweli hayupo. Nilikaa kwenye gunia la mchele pale stoo. Idi ndiye wa mwisho uliyemweka, siku yako ya mwisho kazini, ukampakia kwa kompyuta ya maabara. Kwenye ile ya nyumbani hakuwahi kufika. Na ya maabara ilikuwa imeshasafishwa, amepewa mtu mwingine. Nilirudi kwa yule mama wa kitengo cha kompyuta, akatafuta kwa moyo wote, akatikisa kichwa. Mwanamke amempoteza mwanawe katika nchi asiyoweza kufika, halafu mimi nikampotezea tena kwa uvivu wangu wa dakika mbili. Nililia mbele ya watu, mimi unayenijua.

Nikampigia kumwambia ukweli. Nilitegemea anitukane, na ningemshukuru. Badala yake akaniuliza kama nina kalamu. Mjukuu wake humsomea ukurasa huo kila Ijumaa baada ya swala, kwa hiyo maneno yako anayo yote. Akayatoa polepole, anasimama kila penye nukta, nami naandika nyuma ya karatasi ya oda za mboga:

"Idi bin Athumani, wa Tanga. Ingia mlango wa pili, pita bomba la maji, kulia, safu ya nne. Aliosha masufuria Balsall Heath, na alikuwa akicheka mpaka wapishi wanamtoa nje. Jirani yake ni mzee mmoja wa Kampala. Hayuko peke yake."

Akaniambia hayo ya mwisho ndiyo yanayompa usingizi. Mimi nilikuwa nadhani unaandika maelezo ya njia. Hukuwahi kumwona mwanamke huyu, hukunywa naye hata kikombe cha maji, na ulijua hasa kitu gani kinamkosesha usingizi. Ninakuheshimu leo kuliko nilivyowahi kukuheshimu, na inaniuma kwamba nimechelewa.

Jumapili nikaenda. Mlango wa pili, bomba, kulia, safu ya nne, na Idi alikuwepo pale pale ulipomwacha, nyasi zimepanda kidogo. Nikazing'oa. Nikapiga picha, nikaipunguza, nikapakua vyote vilivyo chuoni, ndipo nikapakia. Kisha nikazima intaneti, nikafungua kwa simu, nikangoja.

Bi Mwanaisha alishukuru sana, halafu akauliza, "Na Bi Rukia mwenyewe mbona hayupo?"

Nilikuwa na sababu zangu: jiwe halijawekwa, mvua haijakatika, zamu zimenibana. Uongo mtupu. Niliogopa kukupakia. Niliona nikishakuweka pale na wenzako, basi ndiyo imekwisha, na sikutaka iishe. Lakini yeye anataka akuombee dua, na hana pa kukutazama. Kwa hiyo nilikuja kaburini kwako, unajua nilikuja, nilikaa sana. Nikaandika habari zako ndefu, za maabara, za chapati zako ngumu, za yule mzee na kamera.

Ijumaa akanipigia tena. Mjukuu alisoma wawili, Idi kisha wewe. Ila akaniomba samahani: habari yako ni ndefu mno, ameshindwa kuishika kichwani. Je, ningeweza kuifupisha?

Nimeifupisha, Shangazi. Sasa inasema: "Rukia binti Hassan, wa Nakuru. Mlango wa pili, safu ya kwanza, karibu na ukuta. Ndiye aliyewatafuta wengine wote." Tayari anaijua. Alinitajia neno kwa neno kwa simu bila kukosea.

Lala salama, Shangazi yangu. Kamera ninayo na Jumapili zangu ni zako. Nakuahidi, maadamu nipo, hakuna mama atakayenipigia tena kuniuliza mtoto wake nimempeleka wapi.

Mwanao,
Zaituni