Mtakatifu Asiyekunja Uso

Silver Spring, Maryland

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mahindi yamekauka, au mvua bado inayatesa? Na kifua cha baba? Mimi nipo, kazi ya kutunza wazee inaendelea, lakini wiki hii kichwa kimenivurugika na sina wa kumuuliza ila wewe.

Bibi Mkongomani ninayemtunza, Mama Espérance, nilimsindikiza Washington kwenye jumba la picha za kale. Akaniambia nisimamishe kiti chake cha magurudumu mbele ya picha ya mtakatifu Sebastiano. Mama, kijana wa watu kafungwa kwenye nguzo nusu uchi, mishale imemwingia mpaka mapajani, na uso umetulia kama bwana harusi anayepigwa picha! Kanisani kwetu hatuna watakatifu wa kuchorwa, basi nikauliza kwa ujinga wangu, "Kwani haumwi?"

"Anaumwa, mutoto yangu," akasema. "Lakini Mungu anajua. Juu ya nini apigie watu makelele?"

Tuliporudi alikuwa amechoka, akakubali kwa mara ya kwanza nimvue soksi. Ikatoka na damu. Kisigino kina kidonda cha kuingia kidole! Miguu hujiosha mwenyewe, eti ni aibu nimwoshe mimi. Na kila asubuhi natakiwa kumuuliza maumivu ni ngapi, sifuri hadi kumi. Mimi husema, "Mama, umeamka aje?" Naye, "Niko muzuri tu." Naandika sifuri. Unajua kwetu mtu husema ni mzima kwanza, ukishampa kiti na chai ndipo anataja ugonjwa. Miezi miwili nimeandika salamu nikidhani ni jibu. Nesi amenigombeza, na nilistahili.

Sasa sielewi. Yule mchoraji alisifu uvumilivu, au alitudanganya? Na huyu bibi, nimheshimu au nimkasirikie? Nafanya yote mawili, na nalia.

Halafu mdogo wangu Nafula akaniandikia kwamba siku hizi unaomba ukiwa umeketi, wewe ambaye hupiga magoti hata kwenye matope. Kwenye simu uliniambia hujambo kabisa, nami nikaamini.

Nisalimie baba, shangazi muuza ndizi, na mwalimu jirani. Nafula usimgombeze, tafadhali.

Mama, wacha nianze mimi. Mgongo unaniuma tangu Pasaka kwa kuinua wazee, na kila ulipouliza nilikuficha. Siku nyingine nashindwa kuinama kuvaa viatu. Sasa niambie wewe: goti linauma vipi?

Binti yako,
Nasimiyu