Kemi, Kampuni Imeondoka, Sisi Tupo

Rafiki yangu Kemi,

Leo nimetoka Nyanga kumwona Ma Kokugonza. Mama yako hajambo. Amepalilia mpaka pale ulipolala, migomba imesimama vizuri, na amenikataza kulia mbele ya wageni. Kwa hiyo nimerudi kwangu Ijuganyondo, nimekaa, nakuandikia.

Nianze na habari mbaya niimalize. Kampuni iliyokuwa inatulipa imejitoa. Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujashikana, mvua za vuli ndiyo kwanza zinaanza, mwakilishi wao akanipigia simu kutoka Dar. Aliongea kwa upole. "Koku, tumebadilisha mwelekeo. Seva tutazizima. Poleni, ulikuwa mradi mzuri." Lile "ulikuwa" lilinichoma. Nikasema asante, nikakata simu, nikakuita kwa sauti kana kwamba uko chumba cha pili.

Unajua wewe mwenyewe kilichokuwa kinazimwa. Uliianza ile programu baada ya ugonjwa wa mnyauko kummalizia mama yako kibanja kizima cha migomba, wakati hakuna aliyemwambia kwamba ugonjwa umeshafika kwa jirani. Mkulima anatuma ujumbe au picha ya mgomba wake, anajibiwa kwa Kihaya afanye nini, na majirani wanaonywa. Na safari hii mnyauko ulikuwa umerudi Muleba. Watu wa Kagoma walikuwa wanatuma ujumbe kuanzia asubuhi. Tungewajibu kutoka wapi?

Hapo ndipo nikakumbuka siku ya kusaini mkataba. Mwanasheria wao alitaka programu iwe mali ya kampuni. Ulikuwa umejifunika kitenge mabegani, homa imekushika, ukamwambia, "Kutulipa, karibuni. Kumiliki, hapana. Msimbo wa programu utakuwa huria. Yeyote ausome, auchukue, aurekebishe." Muganyizi, mwenzetu wa tatu, akakukanyaga mguu chini ya meza. Ukamgeukia ukamwuliza mbele ya watu wote, "Unanikanyagia nini?" Nilitamani kuzama ardhini. Lakini walisaini, Kemi. Kwa hiyo walipoondoka waliondoka na seva zao na jina walilotupatia. Kazi yenyewe ilibaki.

Ila kazi peke yake haijiendeshi. Kabla hatujajipanga, kampuni nyingine ikaja, nayo ya Dar. Watatuajiri mimi na Muganyizi, sharti msimbo ufungwe, matoleo yote yajayo yawe yao. Muganyizi alitaka tukubali. Tulibishana kibarazani kwangu mpaka chai ikapoa. "Koku," akaniambia, "watoto wangu hawali uhuru." Ana haki, naye ni baba wa watu.

Kesho yake akapiga simu Byamukama, yule kijana wa Mbarara, ng'ambo ya mpaka, aliyechukua msimbo wetu akaugeuza Kinyankole, ambaye ulikuwa unamsahihisha mpaka anakuita mwalimu. Alikuwa amesikia. Hakutoa pole ndefu. "Dada, wakulima wa huku wanaitegemea kazi yenu. Mkifunga, nasi tumefungiwa. Niambie nishike wapi." Nilimpa Muganyizi simu waongee wenyewe. Walizungumza muda mrefu, nusu Kihaya nusu Kinyankole, wakicheka. Aliponirudishia simu akasema, "Wale wa Dar waambie hapana. Mimi nitatafuta pa kufundisha."

Amepata shule, huko huko Muleba. Jumamosi zake ni zetu, kwenye programu.

Tukaitisha mkutano Kagoma, kwenye ghala la kahawa la chama cha ushirika. Msimu wa senene ulikuwa umeanza, kila mtu alikuja na kifuko cha panzi hao wa kukaanga, tukawa tunajadili huku tunatafuna. Nilieleza yote bila kuficha. Mwenyekiti wao, Ta Rwegasira, akauliza, "Na mfadhili mpya atakayetushika mkono naye akiondoka, tutakaa tena hapa kuomboleza?" Watu wakacheka, lakini lilikuwa swali la kweli, na tulilijibu pale pale. Tuliamua kazi isimwegemee mfadhili mmoja. Seva inalipiwa na ushirika. Nakala kamili iko Mbarara, kwa Byamukama. Wanafunzi wa chuo pale mjini wanapokea marekebisho na kuyakagua pamoja nami. Neno la siri la seva halikai kwa mtu mmoja, hata kwangu mimi. Anayetaka kusaidia, iwe kampuni au mtu, anakaribishwa mezani kama wengine, wala hapewi kiti cha mkuu.

Sikudanganyi, tunakwenda polepole kuliko zamani. Asubuhi natengeneza mifumo ya kompyuta ya watu wengine ili nile. Kuna siku seva inagoma na sina wa kumpigia. Lakini mnyauko ule wa Kagoma ulizuiwa. Waling'oa migomba iliyougua mapema, wakachoma visu vyao kwenye moto kuua vimelea, ugonjwa haukuvuka bonde. Nimepita humo kwa miguu yangu nikaona mikungu.

Jambo moja sijui nikwambieje. Jina la zamani tumelipoteza, tukaiita Shina. Hakuna anayeiita hivyo. Wakulima wanaiita Kemi. Mama yako alikuwa sokoni, akamsikia mwanamke asiyemfahamu akimwambia mwenzake, "Mgomba ule nimemwuliza Kemi, kasema ng'oa." Ma Kokugonza akaketi palepale kwenye gunia la maharage. Alinisimulia leo, akicheka, huku anajifuta macho kwa khanga. Tulikatazana kulia, tukalia wote.

Pumzika, rafiki yangu. Kazi haitafungwa, wala haitauzwa nikiwa hai. Kila mwaka nitafundisha watu wengine waifahamu kama ninavyoifahamu, na zaidi. Hata nitakapokuja huko nikakukuta, usiniulize habari za seva wala za wakulima. Nitakuwa sijui. Watakuwa wanajua wao niliowaachia.

Wako,
Koku