Chai ya mafundi wa paa

Jennifer, usinipigie, sauti haitoki. Soma tu.

Radi imepiga ngazi ya mafundi wetu wa paa. Hapa nyumbani, mtaani Observatory, sasa hivi.

Cyrus alikuwa juu pamoja nao, wanabandua vile vigae vya lami vinavyovuja. Na unayajua mawingu ya Joburg saa tisa. Nikamwambia mume wangu ashuke. Akasema, "Nkatha, haya yanapita tu."

Haya yanapita tu.

Aliyewashusha ni mama yake. Alipika chai ya maziwa sufuria nzima, na kwake hakuna anayekunywa kabla Cyrus hajaiombea. Wakashuka wakinung'unika. Hajafika kwenye "amina", tukasikia mlipuko. Ncha ya ngazi imeungua, nyeusi tii, Jennifer. Pale pale walipokuwa.

Mvua inanyesha mpaka sebuleni na hakuna anayesogeza hata kiti.

Asubuhi niligombana na mama mkwe kwa sababu ya hiyo chai. Nilimwambia huku Joburg mafundi hubeba chakula chao. Nikaficha majani ya chai.

Akatoa yake kwenye mkoba, aliyotoka nayo Meru. Ananimiminia kikombe sasa, nami siwezi kumtazama.