Maana Thelathini za Run

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika ofisini kwa ushirika wa kahawa saa mbili kasorobo. Baridi. Nimeongeza maana mbili za neno la Kiingereza run kwenye daftari langu. Sasa ni thelathini. Wakulima wa kahawa wakaja na barua zao za Kiingereza tuwasomee. Kwangu wanne. Kwa Wangari foleni hadi kwenye mizani.

Wangari ni karani wa muda kama mimi. Alikulia Nanyuki, akiwauzia wanajeshi wageni vinyago. Kiingereza shuleni alipata D. Mimi A.

Jumatano, 5 Machi
Nyanya mmoja ameleta jibu la ombi lake la miche. Kulikuwa na neno issue. Nikamweleza maana zake zote: kutoa, tatizo, toleo la gazeti, hata watoto wa marehemu.

“Kijana, nani amekufa? Watanipa miche ama hawanipi?”

Akahamia kwa Wangari. Huko wakacheka. Namchukia Wangari.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja ametangaza nafasi moja ya kudumu. Mtihani Jumatatu: maneno ya kawaida ya Kiingereza, kila moja litungiwe sentensi tano zenye maana tano. Atakayeshindwa aende nyumbani.

Jioni Wangari akaja mezani kwangu.

“Ndugu yangu, niazime ile daftari yako ya maana hadi Jumatatu. Mimi ni mdomo tu, kuandika inanishinda.”

Nikasema nimeliacha nyumbani. Lilikuwa ndani ya koti, linanibana mbavu.

“Sawa. Mungu ni mkubwa.” Akanikatia nusu ya andazi lake. Nikala.

Jumatatu, 10 Machi
Set. Charge. Run. Nimejaza kurasa nne. Wangari aliandika kidogo, kisha akakaa akiangalia mlima dirishani. Nilifurahi. Niandike ukweli: nilifurahi sana.

Alhamisi, 13 Machi
Nimepata. Yeye amekosa. Alinipa mkono mbele ya watu wote.

“Hongera, karani mkubwa. Usinichoshee wazee wangu.”

Afadhali angenitukana. Amebeba kikombe chake na sweta, akaenda. Sikumsindikiza hata hadi getini. Niliogopa angeuliza juu ya daftari.

Jumapili, 16 Machi
Mvua tangu asubuhi. Mama amechinja kuku. Majirani wamekuja kumwona karani wa kudumu, mchungaji akaomba. Mama akanipa firigisi, ya mwenye boma. Tangu baba aage dunia hajampa mtu. Wote wakanitazama. Nimeitafuna polepole. Imechukua muda kushuka.