Wakwe Waliopitia Jikoni

Mpendwa mwanangu Paskalina,

Jumamosi ulisikia sauti tu. Baba yako aliweka simu katikati ya meza, mshenga akakuuliza kama unawafahamu wageni waliokuja kukuposa, ukajibu "Nawafahamu" kwa ile sauti yako ya kanisani. Halafu ukasikia watu wanacheka na mtandao ukakatika. Tangu hapo unaniuliza walicheka nini. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu nisingemaliza. Na wengine wakiisoma barua hii waisome tu, furaha yangu haina siri.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la nne, ukishinda chini ya cherehani yangu unaokota nyuzi? Mimi na sifa zangu za usafi hapa Maisaka, uwanja nimeshaufagia na taka nimeshazichoma kabla jua halijapanda. Ukaniambia, "Mama, usichome zote, kuna wenzetu wanajenga." Wenzetu wenyewe ndege. Ukachukua kikapu changu kilichotoboka, ukakitundika kwenye mpera, ukakijaza nyuzi za pamba, manyoya ya kuku wa Krismasi na katani za gunia bovu. Nilikucheka. Lakini nilikuona unakata kila uzi uwe mfupi kama kidole, na nilipouliza kwa nini, ukasema mrefu utamfunga ndege mguu. Nailoni ukaikataa kabisa. Hakuna aliyekufundisha. Ni akili yako tu, na watu wanajua akili hiyo ilitoka upande gani.

Na ule mto wa sufi wa bibi yako uliopasuka, je? Baba yako ameshika kiberiti, wewe umeukumbatia unalia. Kesho yake shomoro akaruka na bonge la sufi mdomoni, baba yako akasema, "Mwone, mzee wa kanisa huyo, ana ndevu." Tangu siku hiyo hakuchoma kitu bila kukuuliza.

Sasa wewe ni muuguzi huko Songea, na kikapu nimekirithi mimi. Jirani yetu Mama Rehema, yule wa duka, ananichokoza: "Mama Paska, siku hizi unawashonea ndege?" Namjibu kwamba wao wakichukua huwa wanaimba, yeye gauni lake la Idi alilichukua kimya.

Basi mwezi uliopita akaja chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua. Unaukumbuka waya wa taa ya barazani, ile iliyoungua baba yako akaitoa, akaacha waya unaning'inia mbele ya mlango? Hapo hapo akafuma kiota kama soksi ya mtoto mchanga. Na ndani yake, mwanangu, nauona uzi wangu wa bluu wa sketi za shule na mwekundu wa sare za kwaya. Kila aliyepita njiani nilimwita aje aone. Fundi gani mwingine wa Babati ameshonea mpaka nyumba ya ndege?

Siku ya posa ikakaribia, makinda nao wameshaanguliwa. Kiota kiko usawa wa paji la uso la mtu mrefu, na ukoo wa mchumba wako Emanueli unaujua, wote minara.

"Kihamishe," baba yako akasema.

"Nikikihamisha mama yao hatarudi."

"Wageni watapita wapi?"

"Jikoni."

Akakaa chini. "Mama Paska, mkwe hapitishwi jikoni. Watasema tumewadharau, wataondoka na posa yao. Unataka mtoto akose mume kwa sababu ya ndege?"

Najua unavyompenda Emanueli. Nikasugua sufuria mpaka ungejiona sura, nikatandika vitenge vipya kutoka mlango wa nyuma mpaka sebuleni.

Wakafika. Nikawaambia, "Karibuni, karibuni huku nyuma." Mshenga akasimama. "Mama, tumekosea nyumba?" Na Mama Emanueli, yule mama wa Bonga asiyesema sana, akaniangalia kuanzia kilemba mpaka viatu. "Kwetu mlango wa jikoni ni wa kuku," akasema.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Kabla hujakasirika, tazama pale juu."

Chozi akatua na mdudu mdomoni, vinywa vya makinda vikachomoza. Nikamweleza yote, kikapu, nyuzi fupi, mto wa bibi.

"Huyu Paskalina ndiye aliyeyaanzisha haya?"

"Akiwa darasa la nne."

Baba yako anatazama viatu vyake. Mimi moyo unakwenda kama cherehani. Kisha yule mama akampa mshenga mkoba wake, akainua gauni, akazunguka nyuma, akawa wa kwanza kukanyaga vitenge vyangu. "Tupiteni," akawaambia wanaume. "Mtu anayefikiria mguu wa ndege, mimi na miguu yangu hii mibovu, huyo ndiye mkwe niliyekuwa namtafuta."

Ndiyo maana ulipojibu kwenye simu kwamba unawafahamu, mshenga akasema, "Na sisi tunakufahamu, tumeona mpaka masufuria yenu." Wakacheka, na baba yako ndiye aliyecheka zaidi. Posa imepokelewa, mwanangu. Nimemaliza mtaa mzima kwa kuwaambia, na ambaye hajasikia atakuwa amesafiri.

Walipokuwa wanaaga, Mama Emanueli akanivuta pembeni. "Nifungie na mimi hivyo vitambaa na nyuzi." Nikamfungia mfuko mzima. Jana amepiga simu, amevitundika nje ya dirisha la chumba wanachokupakia rangi. Akaniuliza nyuzi zikatwe urefu gani. Ningeweza kumjibu, lakini nikamwambia akupigie wewe, mkwewe. Kwa hiyo simu ikiita na namba huijui, pokea, na uanze na shikamoo.

Baki salama, ule vizuri, usiwe unalala na sare ya kazi.

Ni mimi mama yako, fundi wa watu na wa ndege.