Betri ya Baba Monika Imekufa, na Yeye Amenyamaza Tena

Anti Zamda, mwangaluka, na kama unaisoma hii jioni basi mwadila. Naitwa Klementina, niko Mwamapalala, nakuomba unishike mkono maana nimefika mahali sioni njia, na hapa nyumbani kila mtu ana lake la kusema na hayafanani.

Mume wangu Mayala, ambaye tunamwita Baba Monika, alikuwa mtu wa mikono, mlango wa zizi alitengeneza mwenyewe, vigoda, banda la kuku, hata jeneza la mama yake alilipigilia yeye huku analia, halafu kikaja kiharusi kikamkamata upande wa kulia, akalazwa hospitali ya Somanda mpaka wakaturuhusu, mguu ukarudi kidogo lakini mkono ukabaki unaning'inia, na kilichoniumiza zaidi si mkono, ni kwamba alinyamaza. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Anashinda ameegemea ukuta anatazama ng'ombe wakitoka na wakirudi.

Basi tukamwita Josia, fundi wa Lagangabilili, aje atufungie milango, akaja na drili ya betri, haina waya, Anti, haina waya kabisa, mimi nilikuwa nimeona zile za kuchomeka ukutani, hii ameishika hewani tu, anabonyeza na mbao ya mninga inatoboka, anabadilisha ncha anabonyeza tena na skrubu inazama mpaka kichwa kinalala sawasawa na mbao, na sisi tuliokuwa tunapepeta choroko tuliacha ungo chini, bibi wa jirani akajifunika mdomo kwa khanga, mimi mwili wote unanisisimka kama niko mbele ya kitu kitakatifu. Josia akaona Mayala anavyotazama. Akamfuata pale ukutani akamwekea ile drili kwenye mkono wa kushoto. Mayala akabonyeza, skrubu ikazama, akairudisha nyuma ikatoka, akaizamisha tena, akageuka akaniangalia akasema, "Mama Monika, leta mbao." Hilo ndilo neno lake la kwanza la maana tangu augue. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Pesa ya pamba ilipotoka sikuuliza mtu, nikanunua drili ya namna hiyo kwa mchuuzi mnadani, nilichagua yenye boksi kubwa kuliko zote, na betri yake moja. Mungu anajua nilivyoitunza ile betri, kila akimaliza kazi naichomoa, naifuta vumbi, naipandisha kwenye kichanja cha jikoni juu ya mafiga, pale pale tunapoweka mbegu ya mahindi ipate moshi, maana hapafiki panya wala unyevu wala mtoto, ni mahali pa vitu vya thamani tangu enzi za mama mkwe. Na Mayala akafanya kazi. Vigoda vya nyumba nzima, mageti ya majirani, watu wakawa wanakuja tu kumtazama mtu wa mkono mmoja akifunga skrubu, wanakaa kimya kama wako kanisani, na yeye anaongea, anatania, anadai chai.

Sasa imekufa. Ilianza kuchoka mapema, halafu ikavimba tumbo, halafu ikakataa chaji. Baba Monika alibonyeza na kubonyeza, mwisho akaifunga na mashine yake kwenye kitenge akasukuma chini ya kitanda, akasema, "Na huu wa kushoto nao umeanza kuua vitu." Toka hapo amerudi ukutani.

Shemeji yangu Masalu anasema kitu kinachozunguka bila kuvutwa lazima yupo anayekivuta, na huyo amekasirika, kwa hiyo twende kwa mfumu atupigie ramli. Mchuuzi naye ananionyesha sanduku zima, drili, grenda, msumeno, taa, vyote humo humo, anasema nikibeba hilo nitasahau shida. Uwezo wa kununua ninao mara moja tu mpaka pamba nyingine. Nimsikilize nani, Anti? Ipo kweli mashine ya kudumu, au nilikosea kumpa mgonjwa tumaini la betri?

Klementina, Mwamapalala

ANTI ZAMDA ANAJIBU

Mwadila, mayu, mama yangu. Barua yako niliisoma nikaiweka mezani, nikaenda dirishani, nikairudia. Mimi nimekulia nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la marehemu baba yangu hapa Bariadi, drili nimeuza mpaka nikaziona sawa na sukari, unapima, unafunga, mteja anaondoka. Nilipofika pale mumeo aliposema leta mbao, nilibaki nimeshika shavu. Subhanallah. Miaka yote ile sikujua kwamba nauza kitu cha kumrudishia mtu sauti yake.

Sasa nikugombeze kidogo. Betri uliipika wewe, Mama Monika. Mbegu inataka joto na moshi, betri inataka kivuli. Uliiweka juu ya moto kila siku, kwa mapenzi yako yote, mpaka ikavimba. Usijipige kifua, maana aliyepaswa kukuambia ni yule aliyechukua pesa yako. Na shemeji Masalu mjibu kwa adabu: anayezungusha ni umeme tuliouingiza wenyewe kwa chaja, ukiisha tunaujaza, kama maji ya mtungini. Hakuna aliyekasirika. Kwa jambo hili safari ya kwa mfumu haipo.

Lakini hiyo betri iliyovimba itoe chini ya kitanda leo, usingoje kesho. Usiitoboe, usiichaji, usiitupe motoni wala chooni. Ifukie kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje, mbali na nyumba na watoto, mpaka umpate fundi wa mjini anayezipokea. Mashine yenyewe huenda ni nzima. Ibebe uje nayo mjini, muuzaji ajaribu betri nyingine ya aina ile ile. Ikizunguka, umepona gharama. Akikuambia betri yake haiuzwi peke yake, basi ulinunua ng'ombe ambaye huna malisho yake, hata angekuwa mnene vipi.

Ukilazimika kununua nyingine, uliza betri kwanza, mashine baadaye. Itapatikana hapa Bariadi mwakani? Inaingia kwenye drili tu, au na msumeno wa kampuni ile ile? Ukishakuwa na betri nzuri mbili, siku nyingine unanunua mwili wa mashine mtupu na betri ni zile zile. Boksi kubwa halitoboi mbao. Voti zilizoandikwa kwa wino mwekundu nazo zisikutishe, wengine huandika wanachotaka. Mwambie muuzaji atoboe mbao ngumu mbele yako, maana hewani kila drili ni shujaa. Muulize kama mota yake haina kaboni, vile vijiti vyeusi vinavyosuguana ndani mpaka vikaisha, hizo zinadumu zaidi na hazimalizi chaji upesi. Risiti na karatasi ya dhamana utaondoka nazo mkononi, akisema atakutumia, rudisha pesa yako kwenye pochi.

Sanduku la mchuuzi liache huko huko mnadani. Vitu vingi kwa bei ya kimoja, kila kimoja kitakuwa nusu, na rahisi ni ghali. Halafu kuna grenda humo ndani. Grenda inashikwa kwa mikono miwili, nakukataza kabisa kumpa mtu wa mkono mmoja. Kwake yeye tafuta drili ndogo, nyepesi, yenye pete ya namba shingoni. Akiiweka namba ndogo, skrubu ikikwama mashine inateleza yenyewe na haimpindi kiwiko. Na mnunulie jiliwa ifungwe kwenye meza, iwe ndiyo inayombania mbao badala ya mkono wa kulia. Betri ikae ndani ya nyumba mahali pa baridi, si juani, si jikoni, na ikijaa ichomolewe.

Hayo yote ni ya dukani, na dukani bado hujafika. Mumeo ameketi pale ukutani akiamini kwamba mkono wake uliobaki unaua. Wewe unahangaika na mchuuzi na shemeji, yeye kashajihukumu. Kabla hujapika chai leo, kaa naye chini umwambie: betri niliipika mimi, mkono wako haukufanya kosa. Mwambie kwa maneno hayo hayo, usizunguke. Hata akikasirika, afadhali akukasirikie wewe.

Halafu mje mjini wote wawili. Usimnunulie ukampelekea kama dawa ya mgonjwa. Yeye ndiye fundi, yeye ndiye atakayejua ipi imemkaa. Muuzaji akikunyooshea wewe ile drili, weka mikono yako nyuma usubiri, mpaka Mayala anyooshe wake.